Mfereji wa Ngwe Kumi

Kila asubuhi Domina alifagia uwanja, akabandika uji, kisha akaenda nyuma ya nyumba kuutazama ukuta. Ukuta huo ulikuwa mpya. Ule wa zamani ulianguka masika yaliyopita, maji ya mlimani yalipoingia ndani na kulowesha magunia mawili ya mahindi.

"Umeshausalimia ukuta wako?" aliuliza mumewe, Donati.

"Nimeusalimia. Una ufa pale chini."

"Basi sikiliza, mama Sesilia. Ukianguka tena, tunahamia Kidodi kwa kaka yangu. Kule kuna kazi ya kukata miwa. Mimi sijengi mara ya tatu."

Domina alirudi mekoni kuukoroga uji. Kule Kidodi hakuwa na shamba. Hapa, karibu na Kimamba, alikuwa na ekari moja na nusu, na kila kisiki alikuwa ameking'oa kwa mikono yake.

Ulikuwa mwaka wa 1968. Watu wa nyumba kumi za pale walikuwa wamefanya kazi kwenye shamba la mkonge. Bei ya mkonge ilishuka, kazi zikapungua, nao wakageukia kilimo. Mvua iliponyesha, maji yaliteremka kutoka juu, yakapita katikati ya nyumba zao. Hatua mia mbili upande wa magharibi kulikuwa na korongo ambalo lingeweza kuyapokea yote. Ilihitajika njia tu ya kuyafikisha huko.

Siku hiyo Domina alikwenda kwa Filipo, mjumbe wao wa nyumba kumi.

"Tutaandika barua wilayani," alisema Filipo.

"Mwaka jana tuliandika. Jibu lilikuja?"

"Lilikuja. Walisema barua imefika."

Wote wawili walicheka. Kisha Domina akasema, "Basi tuchimbe wenyewe, mjumbe. Majembe tunayo, na mvua bado wiki sita."

Filipo alikubali, lakini kuwapata watu ilikuwa kazi nyingine. Domina alipita nyumba hadi nyumba. Gaudiosa, ambaye nyumba yake ilikuwa mahali palipoinuka, alimpokea mlangoni na mwiko mkononi.

"Maji yaingie kwako, mimi ninyanyue jembe?" alisema. "Mimi niko juu, bibi!"

"Wewe uko juu. Choo chako kule chini je? Masika yaliyopita kilifurika, uchafu ukaingia kisimani. Wajukuu zako waliharisha juma zima."

Gaudiosa alishusha mwiko. "Nitakuja," alisema. "Lakini usinisimamie kama mnyapara."

Walikuja wote. Filipo aliigawa kazi kwa namna waliyoizoea tangu enzi za mkonge: kila nyumba ilipewa ngwe yake, yaani kipande cha hatua ishirini. Ukimaliza ngwe yako, unaweka jembe begani unarudi nyumbani. Hakuna aliyeuliza swali, kwa kuwa hakuna aliyejua njia nyingine. Waliopata mchanga walichimba hadi kiunoni. Waliopata udongo mgumu walichimba hadi magotini wakaona inatosha. Baada ya siku nne ngwe zote kumi zilikuwa zimekwisha, na watu walishangilia.

Mvua ya kwanza ilinyesha mchana, mapema mwezi wa Machi. Haikuwa kubwa. Domina alitoka mbio kwenda kuona mfereji ukifanya kazi. Maji yaliingia, yakaenda vizuri ngwe nne, kisha yakasimama. Yalijaa, yakapanda, yakafurika upande wa nyumba yake. Alipofika nyuma, ule ufa ulikuwa umepanuka kiasi cha kuingiza mkono.

"Nilikwambia," alisema Donati. Jioni alianza kufunga vyombo kwenye mkeka.

Kesho yake watu walikusanyika kando ya mfereji, kila mmoja akimtafuta mkosaji.

"Nani hakuchimba?"

"Mimi ngwe yangu nimemaliza!"

"Na mimi nimemaliza! Njoo upime!"

Lupakisyo, mtu wa makamo aliyefanya kazi ya kutengeneza njia ya reli, alikuwa akipita na baiskeli yake. Alishuka, akatazama kwa muda mrefu.

"Shikamoo, mzee," alisema Domina.

"Marahaba, mama. Mnagombana nini?"

"Tunamtafuta mvivu."

"Hapa hakuna mvivu. Kila mtu amemaliza ngwe yake. Kinachokosekana ni mfereji. Hivi ni vishimo kumi vilivyopangwa mstari."

"Wewe mtu wa reli, usitutukane!" alisema Gaudiosa.

"Sikutukani, mama. Nauliza: nani alipima mteremko?"

Lupakisyo aliomba miti mitatu. Aliikata kwa urefu mmoja, akapigilia kipande cha ubao juu ya kila mti, kikiwa kimekingama.

"Mmoja asimamishe kijiti cha kwanza huku juu, mwingine asimamishe cha tatu kule chini," alieleza. "Mimi naweka cha pili katikati, vyote vikae chini ndani ya mfereji. Sasa, mama, chungulia toka kijiti cha kwanza hadi cha tatu. Mbao zote tatu zikiwa mstari mmoja, mteremko ni sawa. Cha kati kikitokeza juu, chimbeni zaidi. Kikizama, jazeni udongo na kuushindilia. Kila hatua kumi, mfereji ushuke vidole viwili. Kosa la pili: udongo mmeutupa upande wa mlimani, unazuia maji ya pembeni yasiingie. Utupwe upande wa nyumba, uwe tuta la kuwakinga."

Domina alichungulia. Walipima ngwe moja baada ya nyingine. Kwenye ngwe ya tano ubao wa kati ulitokeza juu karibu nusu mkono. Ngwe ya tano ilikuwa yao. Donati ndiye aliyeichimba, mahali palipokuwa pagumu kuliko pote.

Watu hawakuwa wamejua bado. Angeweza kunyamaza.

"Kizuizi ni chetu," alisema kwa sauti. "Maji yamesimama kwenye ngwe ya Donati, kisha yakaingia nyumbani kwa Donati."

Donati aliinamisha kichwa. "Nilichimba hatua ishirini kamili," alisema. "Jembe lilikuwa linaruka kama nagonga reli."

"Huo ndio ubaya wa ngwe," alisema Lupakisyo. "Urefu mligawana sawa. Ugumu hamkugawana. Mtu mmoja na jembe moja hapa atafanya nini?"

Beda, kijana aliyekuwa amepata mchanga mtupu, alikohoa. "Mimi nilimaliza siku ya pili kabla ya saa nne," alisema. "Nina sururu nyumbani. Naileta."

Safari hii hapakuwa na ngwe. Wote walianza sehemu moja, na hakuna aliyesogea mbele kabla vijiti havijakubali. Penye udongo mgumu walipokezana sururu. Donati alishika kijiti cha kati, Gaudiosa cha kwanza, na Gaudiosa hakumsamehe mtu.

"Bado!" alipiga kelele. "Ongeza vidole vitatu!"

"Mama, nani sasa mnyapara?" Beda aliuliza, na watu wote wakaangua kicheko.

Walimaliza siku ya sita. Filipo aliandika zamu: kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, watu watano watazoa mchanga na majani.

Mvua kubwa ilikuja katikati ya Aprili. Ilianza adhuhuri, ikanyesha hadi alasiri bila kupumzika. Domina aliuziba ufa kwa udongo, akakaa ndani na kiganja ukutani. Ulibaki mkavu. Mvua ilipopungua alitoka nje. Maji mekundu yalikuwa yakipita nyuma ya tuta kwa kasi, yakielekea korongoni bila kusimama popote. Kisima kilikuwa safi.

Siku iliyofuata Filipo alimkuta Donati akifungua ule mkeka wa vyombo.

"Vipi, safari ya Kidodi lini?"

"Jumamosi ya kwanza niko zamu," alisema Donati, akirudisha sufuria mahali pake. "Na ile ya pili, wenzetu wa ng'ambo ya korongo wameomba tukawapimie mfereji wao. Nikiondoka, nani atashika kijiti cha kati?"