Mwendo wa Sitini

Mguu wa Rosa Kiden ulikuwa ukikanyaga pedali ya cherehani, gurudumu likizunguka, sindano ikipanda na kushuka, lakini chini ya sindano hapakuwa na kitambaa.

Mumewe, Silvester Andama, alisimama mlangoni na madaftari ya wanafunzi kwapani. Ilikuwa alasiri, jua la Ediofe bado kali juu ya mabati, na mkewe alikuwa ameukodolea macho ukuta.

"Rosa, unashona nini?"

Aligutuka. "Sketi za shule." Kisha akaona kwamba sketi bado zimekunjwa kapuni, akacheka. "Mwalimu, umeniroga na hiyo ngoma yako. Mguu wangu unaicheza wenyewe."

Silvester naye akacheka. Alikuwa mtu wa hesabu, na kicheko cha mkewe kilimtosha kuwa jawabu. Lakini alipoketi kusahihisha madaftari, pedali ilianza tena nyuma yake, na mwendo wake aliutambua mara moja, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyeuweka.

Jambo lenyewe lilianza hivi. Mwaka huo wa 1993, mhandisi mgeni wa visima alipomaliza mkataba wake Arua, alimwachia Silvester kompyuta ya kizamani: kibodi nene ya plastiki iliyounganishwa na televisheni, na disketi chache za muziki. Programu ya kupigia muziki huo ilihesabu wakati kwa kioo cha televisheni. Kioo kilichorwa upya mara hamsini kila sekunde, na kila mchoro uliusukuma muziki hatua moja mbele. Nyimbo zenyewe, hata hivyo, zilitungwa katika nchi ambazo kioo huchorwa mara sitini. Matokeo yake zilitoka nzito, zikijikokota kama bendi iliyolewa. Silvester hakuweza kuvumilia. Likizo nzima aliichambua programu hiyo, na mwishowe akaongeza mstari mmoja chini ya kioo: MWENDO, na mbele yake chaguo la hamsini au sitini. Alipochagua sitini, nyimbo ziliamka.

Wimbo mmoja tu haukutoka ng'ambo. Ulikuwa ngoma ya Mariam Poni, mama mdogo wa Rosa na mpigaji wa zamani, aliyekaa Kuluba upande wa Koboko. Ngoma yake ilibaki nyuma mwaka wa 1979, utawala ulipopinduliwa na familia za askari zikavuka mpaka kwa kukimbia, na aliporudi kutoka Zaire vidole vyake vilikuwa vimekwisha pindwa na baridi yabisi. Silvester alipata kaseti iliyorekodiwa harusini Koboko, akaiandika ngoma hiyo pigo kwa pigo ndani ya kompyuta, akiilinganisha na kaseti kwa sikio. Hiyo ilikuwa kabla ya kuongeza chaguo lake. Aliilinganisha kwa hamsini.

Jioni aliyomaliza kazi, mara tu umeme wa mji ulipowashwa, alizipiga nyimbo za ng'ambo kwa sitini, akafurahi, akaiita ngoma ya Mama Poni bila kurudisha mwendo. Ikatoka nyepesi, kama mtu aliyefunguliwa kamba miguuni. Akaona inapendeza, akaiacha izunguke, maana programu ilipofika mwisho ilirudi mwanzo yenyewe.

"Mwalimu!" Abiriga, jirani mwenye lori, alipaza sauti kutoka ng'ambo ya ua. "Hii televisheni yako inapiga ngoma tu? Mpira hapana?"

"Ukitaka mpira nunua yako!"

"Mimi iko na lori. Wewe iko na kelele. Nani tajiri?"

Rosa aliingia kutoka jikoni, mikono ikidondosha maji, akasimama katikati ya chumba. Alifungua kinywa kama mwenye neno. Hapo ndipo umeme wa mji ulipokatika, na ngoma ikanyamaza katikati ya pigo. Gizani Silvester alisikia harufu ya ngozi mbichi inayopashwa moto, kama wafanyavyo wapigaji wanapoikaza ngoma.

"Rosa, unachoma nini?"

 Alipowasha mshumaa alimkuta amesimama palepale, kinywa kikiwa wazi bado.

Tangu jioni hiyo Rosa hakumaliza jambo. Alianza mshono akauacha nusu. Aliinua kikombe kikabaki hewani kati ya meza na midomo. Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya nyumba yao, maana yeye alikuwa Mkakwa na mumewe Mlugbara, na sasa hata Kiswahili chake kilikatika njiani: "Leo sokoni nimemwona—", akanyamaza, uso ukiwa mtulivu, bila dalili ya mtu aliyesahau. Jumapili, kanisani, alianza Salamu Maria pamoja na waumini wote, akafika "umejaa", akakoma. Silvester, aliyekuwa ubavuni pake, alisubiri neno linalofuata hadi sala ilipokwisha. Halikuja. Na kutoka kwenye nguo za mkewe, zilizofuliwa na kupigwa pasi asubuhi hiyo, ilipanda harufu ya ngozi na moshi.

Siku iliyofuata alirudi kutoka shuleni adhuhuri akamkuta kwenye mlango wa jikoni, mguu mmoja ndani, mwingine umeinuliwa hewani juu ya kizingiti, mwili wote umetulia kama kitu kilichotundikwa. Na maji ya mtungini, ambayo hakuna aliyeyagusa, yalikuwa yakitetemeka kwa viduara vidogo vilivyokuja kimoja baada ya kingine kwa mwendo ule ule alioufahamu, mwendo wa sitini, huku nzi wakitembea juu ya uso wa mkewe, juu ya kope zake zilizo wazi, naye hapepesi wala hapumui kwa namna ambayo jicho lingeweza kuiona.

"Rosa," akanong'ona.

Midomo haikucheza. Sauti ilitoka chini zaidi, kifuani, nene na kavu.

"Nani amekata?"

Kabla jua halijatua Silvester alikuwa kwenye lori la Abiriga, njia ya Koboko, mkewe akiwa ameachwa chini ya uangalizi wa mke wa Abiriga. Kesho yake walirudi na Mariam Poni.

Mama huyo alikuwa mwembamba, ushungi mweupe, tasbihi imezungushwa kwenye kifundo cha mkono. Aliingia chumbani kwa Rosa peke yake, akakaa humo muda mrefu. Alipotoka, Silvester alimwekea kiti, naye mwenyewe akaketi ubavu, uso ameuelekeza ukutani, kama inavyompasa mkwe mbele ya mama wa mkewe.

"Mukwe wangu," Mama Poni akasema kwa sauti ya chini, "ulipiga yake."

"Niliipiga kama ilivyo kwenye kaseti, Mama. Kwenye harusi."

"Kwenye harusi sisi tunavuta yeye nyuma. Kila mupigaji ya Koboko anajua. Tunashika ngoma kama mbuzi kwa kamba, isifike mwendo yake. Watu wanacheza, wanakula nyama, wanaenda nyumbani. Mwendo yake yenyewe, hiyo tunapiga kama iko mutu amekubali kuwa kiti ya mugeni, na udi iko tayari. Mugeni anakuja kwa hiyo tu."

Mgeni: hivyo ndivyo alivyomwita pepo huyo, wala hakumtaja kwa jina lingine.

 Silvester aliona yote kwa mpangilio: kaseti iliyovutwa nyuma kwa makusudi, hamsini aliyolinganishia, sitini aliyoiongeza ili kurekebisha nyimbo za watu wengine. "Nami nikaiharakisha," akasema.

"Ukaharakisha. Akakuja. Hapo mimi sina maneno, wewe si mutu ya kwetu, hukujua. Lakini ngoma haikatwi, mukwe. Ngoma inalazwa. Wewe ulifungua mulango, mugeni akaingia, halafu ukafunga na mguu yake iko katikati."

"Ni umeme, Mama. Umeme wa mji ulikatika."

"Yeye hajui umeme."

"Tutamtoaje?"

Mama Poni aliitazama mikono yake iliyopinda. "Zamani mimi ningempiga na kumulaza. Sasa hizi vidole haziwezi hata kuvunja karanga. Na wapigaji wengine hatamufuata, hawakumuita. Ile iliyomuita, ndiyo itamurudisha. Mupatie kwanza mwendo yake, ajue njia iko. Halafu pole pole, pole pole, kama unalaza mutoto."

"Na mwisho?"

"Mwisho mimi naweka mukono juu ya ngozi. Ngozi inasikia mukono, inanyamaza, na yeye iko nje. Hii mashini yako, mukono naweka wapi?"

Silvester aliitazama kompyuta. Kulikuwa na kitufe cha kusimamisha, lakini kusimamisha kulikuwa kukata. "Hakuna mahali, Mama."

"Basi usiweke mwisho. Iende inalala mpaka ilale yenyewe."

Alifanya kazi mchana huo wote. Hawakuuamini umeme wa mji. Abiriga, bila mzaha safari hii, alileta betri ya akiba ya lori lake, wakaiunganisha na kile kisanduku kinachoufanya umeme wa betri uwe kama wa ukutani. Chini ya hamsini na sitini Silvester aliongeza chaguo la tatu, akaliita LAZA: programu ingeanza kwa sitini, kisha kila mzunguko ungeacha pigo moja na kurefusha kimya kati ya yaliyobaki, na mzunguko ukishakuwa pigo moja tu, kila kimya kingekuwa maradufu ya kilichotangulia. Maishani mwake hakuwahi kuandika amri isiyo na kikomo. Aliiandika hiyo, akaikagua, akaikagua tena.

Rosa aliletwa, akaketishwa mbele ya televisheni. Mama Poni alichoma udi. Silvester akabonyeza.

Ngoma ilitoka kwa mwendo wake wenyewe, na mara ile harufu ya ngozi ikajaa chumba hata udi ukafunikwa, na Rosa akainua kichwa, shingo ikinyooka kupita kiasi cha shingo, na vikombe kabatini vikaanza kugongana, na kutoka kifuani mwake ikapanda sauti iliyoshika kila pigo, sawasawa na mashine, si mbele wala nyuma, mpaka Silvester asiweze kutofautisha kipi kinatoka kwenye televisheni na kipi kwa mkewe. Kisha mwendo ukaanza kulegea, nayo sauti ikalegea pamoja nao, vikombe vikatulia kimoja kimoja, Mama Poni akinong'ona, "Nenda, baba, njia iko, nenda pole pole," na kimya kati ya mapigo kikawa kirefu kiasi cha kuvuta pumzi, kisha kiasi cha kusema sala fupi, kisha kirefu zaidi, hadi harufu ikabaki ya udi peke yake.

Rosa alifumba macho, akayafumbua.

"Kwa nini mmenizunguka kama maiti?" akasema. "Nina njaa. Na nani kaweka betri chafu kwenye mkeka wangu?"

Abiriga alitoka nje, akaegemea ukuta, akalia.

"Usizime," Mama Poni akamwambia Silvester alipokuwa akipanda lori kurudi Kuluba. "Hajafika. Anaenda tu."

Silvester aliifunika mashine kwa kitambaa, akamwambia mkewe imeharibika, asiiguse. Abiriga alimletea betri iliyochajiwa, wakaiunganisha kabla ya kufungua iliyochoka, bila kuchelewa. Pigo moja lilitenganishwa na jingine kwa muda wa kupika maharage. Kisha kwa siku. Kisha kwa juma. Kila lilipolia, Rosa aliinua kichwa kidogo kama aliyeitwa kwa mbali, akaendelea na kazi yake. Alimaliza mishono. Alimaliza sentensi, na kuzidisha. Silvester alikwisha piga hesabu: kimya kikiongezeka maradufu, baada ya mapigo machache tu kingekuwa kirefu kuliko maisha ya binadamu, na Rosa angezeeka na kuzikwa bila kulisikia pigo linalofuata. Alichotakiwa kufanya ni kuilinda betri mpaka hapo.

Mwaka mmoja ulipita, ukaja msimu wa mvua kubwa. Kimya cha wakati huo kilikuwa cha miezi. Daraja la njia ya Omugo lilisombwa, na lori la Abiriga likakwama ng'ambo likiwa na betri iliyochajiwa. Silvester alitafuta nyingine mji mzima, akaahidiwa kesho. Usiku huo, umeme wa mji nao ukiwa umekatika, taa ndogo ya kompyuta ilififia, ikazimika.

Alijifariji kwa hoja. Kimya ni kimya, alijiambia, kiwe kinahesabiwa au hakihesabiwi. Ngoma hukatwa ikiwa inalia, na hii haikuwa ikilia. Kuluba hakupeleka habari.

Siku ambayo pigo lilipasa kulia iliangukia Jumapili. Baada ya misa aliketi peke yake mbele ya kioo cheusi. Saa yenyewe ilifika, ikapita. Aliposikia kuku wakiparua uani na mvua ikidondoka kutoka paani, na hakuna kingine, alishusha pumzi ambayo alihisi ameibeba tangu betri ilipokufa. Akatabasamu.

Pigo likalia jikoni.

Lilikuwa pigo zito, la ngozi iliyokazwa vizuri, na sahani zililijibu ukutani. Silvester alisimama. Akili yake, kwa mazoea, ilianza kuhesabu kimya kinachofuata: maradufu ya miezi ile, karibu mwaka mzima. Alikuwa bado anahesabu, hajafika hata mlango wa chumba, pigo la pili lilipolia. Alikimbia. La tatu likalikaribia la pili, la nne likalikaribia la tatu zaidi, yakija sasa kwa mwendo ambao hakuuandika yeye wala hakuwa na kitufe cha kuugusa.

Rosa alikuwa amesimama kando ya meko, amempa mgongo, mwiko mkononi, akikoroga sufuria polepole kwa utulivu wa mtu asiye na haraka ya kwenda popote. Aligeuka alipomsikia mlangoni. Kinywa chake kilikuwa kimefumbwa, nacho kifua kilikuwa kikipiga mapigo hayo.

"Karibu ndani, Mwalimu," ikasema ile sauti, kwa upole wa mwenye nyumba. "Keti."