Simu Zilizokaa Kapuni

Jumamosi ile ya Septemba nyumba ya chama cha akina dada wa chuo kikuu, wanamoishi pamoja, ilifurika watu hadi barazani, maana mji mzima wa Lincoln unapenda chapati za maji, hasa zikiuzwa kukusanya sadaka. Leora Sandahl alikuwa jikoni, aproni ya rangi ya waridi imetariziwa herufi za chama chao, uso umemwiva kwa joto. Yeye ndiye aliyesimamia michango ya chama kwa hospitali ya watoto. Kupika, Mungu hakumjalia.

"Samahani, dada," alisema kijana mmoja mwenye jaketi la gereji, akiinua sahani yake. "Hii imeungua, au ndiyo ladha ya kwenu?"

"Imeungua kwa nia njema. Mimina shira, ule kimya."

"Nimemimina. Imekataa kulainika."

"Lete nikupe nyingine, usije ukatuchafulia jina mjini."

Akala tatu, akarudi kuomba ya nne ambayo wazi hakuihitaji. Jina lake Corwin. Leora alipomuuliza kilichomleta, utani ukamwisha: mdogo wake wa kike, Junie, mtoto wa miaka saba, alikuwa amelazwa katika hospitali hiyohiyo kwa saratani ya damu.

Penzi halikuchelewa. Leora akawa mtu wa wodini, akimpaka Junie rangi za kucha, kila kidole na rangi yake. Mtoto naye akamganda. Asipomwona, hali chakula.

"Mrembo, umeniibia mdogo wangu," Corwin alimwambia kwenye simu.

"Nimewaiba wote wawili. Nenda kashtaki."

"Polisi watanicheka. Haya, lala, kipenzi."

Jumapili moja ya Januari, theluji imefunika madirisha, akina dada walivaa magauni meupe kwa mkutano wa chama. Desturi yao ni ya siku nyingi: kila mmoja huacha simu yake kwenye kapu mlangoni, mlango hufungwa, na linalosemwa ndani halitoki. Wamekula kiapo. Siku hiyo walikuwa wakiamua matumizi ya michango ya mwaka, na wengi walitaka tamasha kubwa lenye jukwaa na taa. Leora alitaka viti vya kukunjua, vinavyogeuka vitanda, wazazi wapate pa kulala wodini.

"Mama yake Junie analala ameketi," aliwaambia. "Mgongo umempinda. Ninyi mnataka taa."

Walibishana alasiri nzima. Leora akashinda. Alitoka akicheka, akaokota simu yake kapuni, akakuta Corwin amepiga na kupiga, kisha ameandika: *Anakuulizia. Njoo sasa.* Alikwenda mbio na gauni lake jeupe. Alipofika, kitanda kilikuwa kimeshatandikwa upya.

Makaburini Corwin hakumtazama. Simu ya Leora aliipokea wiki iliyofuata tu.

"Ulikuwa wapi?"

"Kwenye mkutano."

"Mkutano gani huo mtu hawezi kutoka? Mlikuwa mnazungumza nini?"

 Leora alikuwa amelelewa katika kiapo kile na mama yake na bibi yake, waliokuwa wanachama kabla yake, akadhani kukivunja ni kosa kubwa kuliko kumwacha mtu aumie bila jibu. Ujinga ulioje.

"Siruhusiwi kusema."

"Mdogo wangu anakata roho, wewe una siri na wasichana wenzako." Akakata simu.

Majuto ni mjukuu. Miezi ilipita Leora akikonda, mpaka Aprili, siku viti vilipoingizwa wodini, ndipo kiapo kilipomtoka moyoni kama kitu kisicho na maana. Akaenda moja kwa moja gereji. Corwin alikuwa amepiga magoti kando ya gurudumu, mikono myeusi kwa grisi.

Leora akamwambia yote, pale pale, mbele ya gari la watu: kapu, mlango, ubishi, na jina la Junie alilokuwa akilitaja muda wote ule.

"Kwa hiyo ulikuwa unamsemea yeye," Corwin alisema.

"Yeye na mama yako."

"Mbona hukuniambia, Leora?"

"Nilikuwa mpumbavu."

Corwin alifuta mikono kwa kitambaa, polepole. "Viti vimefika?"

"Vimefika leo. Kuna baba mmoja tayari amelala. Mwanawe anaugua figo."

Hapo Corwin akalia, na Leora akamshika, grisi ikamchafua blauzi na hakujali. Walisimama hivyo kitambo. Kila mmoja alijua anampenda mwenzake. Hilo halikuwa na shaka.

"Nimekusamehe," Corwin alisema hatimaye. "Nakuapia. Lakini Junie alikufa anatazama mlangoni, mpenzi. Kila ukiingia mahali, mimi nitakuwa namwona akitazama."

"Hata baada ya muda?"

"Sijui. Ila usinipigie. Nikiona jina lako sitaweza kujizuia, nitapokea."

Leora alitaka kubisha, kubisha alikuweza. Safari hii akaitikia kwa kichwa. Mara ya mwisho Corwin na mdogo wake walipomwomba kitu, kwamba aje, hakukitimiza, na hiki cha kutopiga simu kilikuwa ndani ya uwezo wake.