Kicheko cha Jikoni

Walikutana wakigombea njegere. Soko limefurika, jua limewaka, na mezani kwa muuzaji limebaki fungu moja tu. Mshonaji, ndani ya gauni la bluu alilolishona mwenyewe, akalishika upande huu. Fundi redio, mikono ya shati imekunjwa mpaka viwikoni, akalishika upande ule. Fundi akapendekeza wagawane. Mshonaji akamjibu kwamba nusu fungu haishibishi hata paka. Wakabishana mpaka muuzaji akawauzia kwa pamoja ili waondoke, wakaenda kuzimenya kwenye kibaraza cha dada yake mshonaji, na kufikia ganda la mwisho mambo yalikuwa yameshaharibika. Miezi minane baadaye wakaoana.

Watu hao walikuwa na wazimu wao. Kilichoingia msimu ndicho kilichotawala nyumba. Mahindi mabichi yakitoka, basi ni mahindi asubuhi, mchana na jioni, ya kuchemsha, ya kuchoma, ya kukwangua na kupika kwa maziwa, mpaka dada mtu akaacha kuja kula kwao. Yakiisha, zamu ya viazi vitamu. Fundi alikaanga, mshonaji akakoleza chumvi, na jiko lao lilikuwa dogo kiasi kwamba mmoja akitaka kupita sharti amkumbatie mwenzake. Waliulalamikia udogo huo kila siku, na hakuna aliyetaka jiko kubwa zaidi. Miaka saba ilikwenda hivyo. Hata leo, ukimuuliza mshonaji siku zake nzuri zilikuwa zipi, atakutajia mboga kabla ya tarehe.

Kisha kiwanda cha sare alikofanya kazi mshonaji kikafungua tawi mji mwingine, wakamtaka akawe msimamizi kwa miezi sita. Cheo hicho alikisubiri tangu hajaolewa. Wakaagana kwa ahadi moja: kila Jumapili mchana watapika chakula kimoja, kila mtu kwake, simu sikioni.

Tusifichane, mshonaji hakupika hata siku moja. Jumapili ya kwanza alisimama mbele ya jiko la ugenini, mikono ikakataa. Tangu hapo alinunua mkate na mayai ya kuchemsha, akakaa kitandani na kugongagonga mwiko kwenye sufuria tupu, huku akisikiliza mafuta yakichachatika upande wa pili. Sauti hiyo ndiyo iliyomvusha wiki.

"Unasikia, Bi Chumvi?" fundi humuuliza.

"Nasikia, mpenzi. Punguza moto, vitaungua."

Mwezi wa tano wakubwa wa kiwanda wakampa fomu ya uhamisho wa kudumu na wiki mbili za kufikiri. Jumapili alikusudia kumwambia mumewe. Kabla hajafungua mdomo, nyuma ya mafuta akasikia mwanamke akicheka. Kicheko kifupi, cha mtu aliyejizoelea jikoni.

Akauliza nani huyo. Fundi akababaika, akasema ni redio ya mteja, na simu ikakatika. Fundi alipopiga tena, mshonaji hakupokea, wala siku zilizofuata. Mshonaji alishona wiki nzima macho yamevimba. Kilichomuuma zaidi ni lile jiko, maana mwanamke huyo naye ilibidi akumbatiwe ndipo apite.

Jumamosi akapanda basi la alfajiri, fomu mkobani. Aliapa kwamba akimkuta mtu, anaisaini palepale, na ndoa iishie hapo.

Akaingia bila kubisha hodi. Fundi alikuwa peke yake, amekonda, anachovya mkate mkavu kwenye chai. Kikaango kimejaa vumbi, na buibui amejenga kwenye mpini wa mwiko.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Huyo anayecheka."

Fundi akainamisha kichwa. Akachukua simu ya zamani kwenye meza ya vifaa vyake, akabonyeza. Mafuta yakachachatika. Kijiko kikaanguka. Kisha mwanamke akacheka, na sauti yake ikaendelea: "Toka hapo, unanibana, nitamwaga." Mshonaji akajishika kifua. Wiki nzima alikuwa amejionea wivu mwenyewe.

Fundi akamweleza taratibu kwamba alirekodi mapishi yao ya siku ya mwisho kabla hawajaagana, abaki na kumbukumbu. Alijaribu kupika peke yake, akamenya hata njegere, zikamshinda kumeza. Kila Jumapili aliicheza rekodi hiyo karibu na simu, akaizima kabla ya kile kicheko. Siku ile mkono ulichelewa, kwa sababu alitaka kukisikia.

"Mbona hukuniambia kwamba hupiki?"

"Ungerudi. Na kazi ile uliitaka kabla hujanijua mimi."

Mshonaji akaketi, akaitoa fomu na kuiweka mezani. Aliitaka kazi, hilo hakulikana. Alimtaka na mtu huyu, na vyote viwili havikukaa mji mmoja.

"Fundi wangu, redio zinaharibika kila mahali. Twende wote. Ukikataa naichana hii sasa hivi, na sitakulaumu."

Fundi akaitazama meza ya vifaa, akautazama ukuta ulioingia moshi wa vikaango vyao. Mtaani hapo alikuwa na wateja wa miaka kumi na mitano. Akaimalizia chai yake.

"Huko sasa hivi sokoni kuna nini?" akauliza.

"Maboga."

"Matamu?"

Mshonaji akatafuta uongo, akaukosa. "Sijui, mpenzi. Sijapika tangu niondoke. Nilikuwa nagonga sufuria tupu."

Fundi akamkodolea macho mkewe, kisha mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka akaishika meza, na alipomaliza alikuwa analia. Akajifuta kwa mkono wa shati, akatafuta kalamu, akaitia mkononi mwa mkewe na kumsogezea fomu.