Tabaka la Saa Kumi

Faili lilipungua kuliko alichokata. Ndivyo balaa lilivyoanza, kwa hesabu ndogo tu iliyokataa kulingana, na mwenye akili angesimama pale pale akahesabu upya. Mama Pacha alienda kunywa chai.

Alikuwa fundi wa data katika ofisi ya hali ya hewa. Mafaili yao yalikuwa makubwa kupindukia: ramani ya nchi iliyogawanywa miraba, na juu ya ramani hiyo ramani nyingine, tabaka juu ya tabaka, tabaka moja kwa kila saa, miaka thelathini mpaka leo hii. Diski ilikuwa imejaa hadi kooni, na mkuu wa ofisi alitaka mafaili yapunguzwe kabla ya jioni.

Programu za kukatia zilikuwa tatu. Ya kwanza ilionyesha picha za kupendeza lakini haikujua kuhifadhi chochote. Ya pili ilijua kukata, ila ilitaka kulimeza faili lote kwanza, na kompyuta ikapaliwa. Ya tatu aliiacha Fundi Mzee, aliyekuwa na meza ile kabla yake na aliyeacha kazi siku moja bila kumuaga mtu. Waliiita Mkasi. Ilikata haraka, tena ilikata faili lenyewe, na ukingoni mwa skrini Fundi Mzee alikuwa amebandika karatasi: NAKALA KWANZA.

"Nakala niiweke wapi, mfukoni?" Mama Pacha alimuuliza Mchora Ramani, aliyekaa meza ya pili. "Diski yenyewe imejaa."

"Mimi simo," Mchora Ramani alijibu. "Kitu kile kina harufu."

"Programu ina harufu! Nenda kale, ndugu yangu, njaa inakusumbua."

Pale ofisini walikuwa na mazoea yao: chombo kigeni hujaribiwa kwanza kwenye mraba wa nyumbani kwako, maana mvua ya kwenu unaijua na hakuna wa kukudanganya. Basi Mama Pacha akachagua mraba wenye nyumba yake. Kipimo cha pale kilikuwa kikipigwa na jua kila saa kumi alasiri na kutoa joto la uongo, kwa hiyo akachagua tabaka la saa kumi, la siku zote, akabonyeza. Ndani ya mashine kitu kikauma meno mara moja tu. Harufu ya nywele zinazoungua ikapita mezani. Hapo ndipo faili lilipopungua kupita kiasi, naye akaiendea chai yake.

Nyumbani alikuwa na mapacha wa kike wa miaka sita. Mmoja walimwita Maneno, kwa kuwa hakunyamaza hata usingizini. Mwenzake walimwita Kimya. Huyo hakuwa na la kusema, ila kila jioni alimshika mama yake sikio akalikunjakunja mpaka usingizi umchukue, na Mama Pacha, ingawa mzazi hatakiwi kukiri, alimpenda huyo zaidi.

Saa kumi na moja simu ikalia. Alikuwa mdogo wake, anayekaa na watoto.

"Dada," alinong'ona. "Kimya hayupo."

"Hayupo vipi? Kaenda wapi?"

"Nilikuwa nawasuka sebuleni, mlango nimeufunga kwa ndani. Ilikuwa saa kumi kasoro kidogo. Nikapepesa macho, saa ya ukutani ikawa saa kumi na moja, na chai yangu imepoa. Maneno yuko hapa. Kimya nilikuwa nimemshika nywele, dada, na nywele bado ninazo mkononi."

"Mbona unanong'ona?"

"Kwa sababu pale alipokuwa amekaa, kuna kitu kinapumua."

Mama Pacha akakumbuka tabaka la saa kumi, akamweleza Mchora Ramani. Mchora Ramani ndiye aliyeitafuta namba ya Fundi Mzee, akamwambia habari za mtoto, kisha akamwekea Mama Pacha simu sikioni.

"Ulifanya nakala?" Fundi Mzee aliuliza, kabla hata ya salamu.

"Diski ilijaa."

"Na faili likapungua kuliko ulichokata?"

"Ndiyo, mzee."

"Ile ziada ndiyo yeye. Kilichomo mle hakikati bure, huchukua mmoja." Akashusha sauti. "Sikiliza, mwanangu. Kitakuuliza kama unataka kujaza pengo. Kataa. Mlilie mtoto wako, mwisho wa habari."

"Wewe ulikataa?"

Nyuma ya sauti yake ikasikika sufuria ikikorogwa. "Mke wangu yuko jikoni," alisema. "Mwaka wa nne huu anakoroga." Akakata simu.

Mama Pacha akageukia skrini. Mkasi ulikuwa umeshafunguka wenyewe, bila kuguswa na mtu. NIJAZE? uliuliza. NIJAZE KWA SIFURI, KWA WASTANI, AU KWA KILICHO KARIBU?

"Zima," Mchora Ramani alisihi. "Nakuomba, zima."

Lakini mama gani angezima? Sifuri aliiogopa kama kaburi, na wastani ungemletea mtoto wa watu wote asiye wa mtu, lakini kilicho karibu ndicho alichokitumia miaka yote kuziba matundu ya ramani, mraba uliopotea huchukua thamani ya mraba wa pembeni na hakuna anayelalamika, na vidole vyake, ambavyo vilikuwa vimezoea kazi kuliko kichwa kilivyozoea hofu, vikabonyeza kabla machozi hayajafika kidevuni, na mashine ikauma meno, na harufu ya nywele ikajaa chumba kizima, na simu ikalia, na mdogo wake alikuwa akilia na kucheka pamoja: "Karudi! Dada, karudi, kakaa palepale!"

Alikimbia njia nzima, kiatu kimoja mkononi, akiwagonga watu bila kuomba radhi, akimshukuru Mungu kwa sauti mpaka mlangoni, akawakuta wote wawili mkekani, nusu kichwa kimesukwa na nusu bado, akapiga magoti akawakumbatia kwa pamoja na kungoja mkono mdogo wa Kimya upande hadi kwenye sikio lake.

Mkono haukupanda. Walimtazama, kisha wakafungua vinywa kwa wakati mmoja, kwa pumzi moja na sauti moja, wakaanza kupiga soga upesiupesi, neno kwa neno, hadi mdogo wake akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Mama," wakasema wote wawili, "Kimya yuko wapi?"