Mwambie Mama Yako Nauza Bia

"Na shingo usiibane sana, mwanangu. Nikibanwa shingo nakohoa."

Bi Kaunta aliitoa simu sikioni, akaitazama namba, akairudisha. Mkono wa pili ulikuwa umebeba chupa za bia za meza ya dirishani.

"Samahani, mama. Shingo ya nini?"

"Ya gauni. Kwani mwanangu hajakwambia? Nguo ya harusi yenu nataka nishonewe na mkwe wangu mwenyewe. Kila siku nasikia sifa za cherehani yako, na mimi nione basi."

Bi Kaunta aliziweka chupa mezani polepole. Aliyekuwa akizungumza naye ni mama mzazi wa mchumba wake, Mwalimu. Hawakuwa wameonana bado. Mwalimu alikuwa akisema, "Subiri kwanza, mambo mazuri hayataki haraka." Kumbe haraka aliiogopa kwa sababu ya uongo huu.

"Mama," alisema, "mimi sijawahi kukalia cherehani. Hata kifungo kikidondoka nampelekea fundi."

"Sasa mwanangu, unafanya kazi gani?"

"Nauza bia. Nina baa, inaitwa Kwa Shangazi."

Alisikia pumzi ikivutwa upande wa pili. Kisha ikakatwa.

Baa yenyewe, tuseme ukweli, haikuwa ya kupigia picha. Bati lilikuwa na viraka juu ya viraka. Viti havikufanana, kila kimoja na mama yake. Rangi ya ukutani ilibanduka, na friji halikukubali kupoza mpaka lipigwe kofi ubavuni. Lakini mtaa mzima ulipapenda. Shangazi yake Bi Kaunta alipafungua akiwa binti, akamlea Bi Kaunta, mtoto wa marehemu kaka yake, nyuma ya kaunta ile, akamlisha na kumsomesha. Alikuwa na desturi zake. Mume na mke wakigombana, aliwakalisha meza moja, na hakuna aliyehudumiwa mpaka wasalimiane. Na Fundi Saa, mzee aliyefiwa na mkewe, alikuwa na kona yake yenye viti viwili. Cha pili hakikaliwi na mtu bila kumwomba ruhusa.

Shangazi alipokufa, Bi Kaunta alivaa aproni, akaendelea.

Mwalimu alifika mara ya kwanza akikimbia mvua, kifuani kakumbatia madaftari ya wanafunzi. Akaomba chai. Akaambiwa chai hakuna, soda ipo. Akanywa soda, akasahihisha madaftari, mvua ikakatika naye hakuondoka. Kesho yake kulikuwa na jua kali, na bado alikuja.

Sasa Bi Kaunta alimwandikia: "Mama yako kanipigia. Anataka nimshonee gauni."

Jibu lilichelewa. "Nakuja. Usiongee naye tena kabla sijafika."

"Tumeshaongea," akaandika, akaifunika simu kifudifudi.

Mwalimu aliingia na chaki kwenye mkono wa shati. Bi Kaunta alimpeleka stoo, katikati ya makreti, ili wateja wasikie nusu tu.

"Nilitaka kukulinda," Mwalimu alianza.

"Na nani?"

"Na maneno yao. Humjui dada yangu wewe. Akisikia baa, basi, umeshahukumiwa."

"Kwa hiyo ukanivua kazi yangu ukanivisha ya mtu mwingine."

"Ni neno tu, mpenzi."

"Ni neno tu, ee? Umekaa na wazee wale pale mbele, umecheka nao, umekula nao karanga sahani moja. Kumbe unawaonea aibu."

"Siwaonei aibu wao."

"Basi unanionea mimi."

Mwalimu, mtu wa kuongea darasani kutwa, akaanza kufuta chaki kwenye mkono wa shati. Kufuta kule kulimchoma Bi Kaunta kuliko uongo wenyewe.

"Tufanye hivi," Mwalimu akasema hatimaye. "Tupafunge. Tufungue duka la ushonaji kweli, uajiri mafundi. Uongo utageuka ukweli, na hakuna atakayeumia."

"Nitaumia mimi."

"Ni jengo bovu tu hili. Linavuja."

"Linavuja, lakini halijawahi kunikana." Alimfungulia mlango wa stoo. "Pita mbele, mbele ya watu. Usitokee uani kama umeiba."

Mwalimu alipita kichwa chini. Fundi Saa akamwita, "Mwalimu, meza yako hii hapa, mbona unaondoka?"

"Leo hana meza," Bi Kaunta alijibu kwa niaba yake.

Alihudumia mpaka wateja wote wakaondoka, hakuna aliyemwona akilia. Asubuhi macho yalikuwa yamevimba. Alimwambia kila aliyeuliza kwamba ni vitunguu, na kila mmoja alijua pale havipikwi vitunguu.

Jumamosi mchana, gari lilisimama nje. Akashuka mama mfupi aliyeubana mkoba kwapani, na nyuma yake dada mtu mzima, kitambaa puani.

"Ndiyo hapa?" yule dada aliuliza.

Sura ya Mwalimu ilikuwa usoni mwa wote wawili. Bi Kaunta hakuhitaji kuambiwa ni akina nani. Alijifuta mikono.

"Shikamoo, mama. Karibu. Karibu, wifi."

"Sijawa wifi yako. Na mimi sikai."

"Basi sogea kando kidogo, watu wapite."

Mama mtu alimeza kicheko, au kikohozi, haikujulikana. Akaangaza macho, akaenda konani kwa Fundi Saa.

"Hapa pana mtu?"

Baa nzima iligeuka kutazama. Mzee alikitazama kile kiti, kisha akamtazama yule mama.

"Alikuwepo mke wangu," alisema. "Kaa, dada yangu. Alipenda wageni."

Mama akakaa kwa adabu, kama aliyeingia nyumba ya watu. Bi Kaunta akamletea soda.

"Nina swali moja," mama alisema. "Ungeweza kuchukua vipimo vyangu ukampa fundi yeyote. Nisingejua. Kwa nini hukufanya hivyo?"

"Ningejua mimi."

"Na ungeolewa bila maneno."

"Mama, aliyenilea alitukanwa miaka yote kwa ajili ya kaunta hii. Alitukanwa hata na wanawake ambao waume zao alikuwa akiwarudisha nyumbani wazima. Hakujificha. Nikisema mimi ni fundi cherehani, nitakuwa nimemzika mara ya pili, ili nipate mume."

Mama alinywa soda kidogo. "Mwanangu kanidanganya, wewe hukunidanganya. Hilo nimelipenda. Lakini nakuomba kama mzazi. Ukishaolewa, pafunge."

"Hapo sasa," wifi alisema.

"Hapana, mama."

"Hata nikikuomba mimi?"

"Hata wewe. Nakuheshimu, na ndiyo maana nakujibu leo, usije ukalisikia nyumbani kwako baadaye. Anayenitaka atanikuta hapa. Asiyepaweza hapa, hajaniweza mimi."

Mama alimgeukia binti yake. "Kamwite nduguyo kwenye gari. Aje aseme mwenyewe."

Kumbe Mwalimu alikuwa amefungiwa garini na aibu yake muda wote ule. Aliingia, akasimama katikati ya viti visivyofanana. Alikuwa amekonda.

"Sikiliza," mama alimwambia. "Mimi nasema pafungwe, mwenzio anasema hapafungwi. Wewe unasemaje?"

"Na useme kama mwanamume," wifi akaongeza.

Mwalimu alimtazama Bi Kaunta. Alitoa simu, akaandika kwa muda, kisha akasoma kwa sauti alichoandika kwenye kundi la ukoo:

"Ndugu zangu, niliwadanganya. Mchumba wangu si fundi cherehani. Ana baa ya zamani, bati bovu, watu wazuri. Amekataa kuifunga na mimi niko upande wake. Akinisamehe, harusi itasherehekewa humo humo. Asiyependa asije akasema hakuambiwa."

"Usithubutu kuituma," wifi alisema.

"Imeshakwenda, dada."

"Basi mimi harusini sikanyagi."

"Kiti chako nitakiweka. Usipokuja, atakalia mwingine."

Simu ilianza kutetemeka mkononi mwake kama nyuki kwenye kopo. Akaitazama. "Shangazi mkubwa katuma ujumbe wa sauti, analia. Baba mdogo anauliza bia zinakuwa baridi?"

Mtu mmoja kule dirishani alicheka, wengine wakamfuata. Bi Kaunta hakucheka. Alikuwa amekunja mikono.

"Nani kakwambia kuna harusi?"

"Hakuna aliyeniambia. Nimekuja kuomba. Nilikuonea aibu, na sasa najionea mwenyewe. Nisamehe mbele ya hawa hawa nilioondoka mbele yao nimeinamisha kichwa."

Bi Kaunta alimtazama. Alimpenda tangu siku ya madaftari yaliyolowa, na hata hasira ilikuwa haijaweza kuliondoa hilo. Akavua aproni, akamtupia.

"Glasi zimejaa kwenye karai. Ukimaliza, futa meza. Jumamosi ijayo pia. Nitakuangalia, kisha nitakujibu."

Mwalimu alifunga aproni juu ya shati lake la kazi, na mtaa ukapata cha kusimulia. Wazazi wa wanafunzi wake walipita wakimchungulia. Mmoja alisimama kabisa mlangoni.

"Mwalimu, ndiyo wewe?"

"Ndiyo mimi. Karibu, utakunywa nini?"

Jibu lake alilipata Jumamosi nyingine, mikono ikiwa na povu. Bi Kaunta alimwambia sikioni, na glasi ikamponyoka.

Walioana baada ya shule kufungwa, maana likizo ndiyo iliyompa bwana harusi nafasi. Viti vilijaa hadi barabarani. Baba mdogo alihakikisha mwenyewe kuhusu ubaridi wa bia. Mama, aliyekuwa ameacha kudai pafungwe, alicheza na Fundi Saa mpaka akavua viatu. Wifi hakuja. Kiti chake kilikaliwa na mtu mwingine, kama alivyoahidiwa, na harusi ikafana.

Baadaye jirani mmoja alimsimamisha mama yake Mwalimu sokoni, mbele ya watu, akijifanya anamhurumia.

"Pole, mwenzangu. Nasikia mwanao kaoa mhudumu wa baa."

Mama alibana mkoba wake kwapani.

"Umesikia vibaya," akasema. "Kaoa mwenye baa."