Gome la Masika

"Mzinga umetoboka. Kaliua. Kabla ya saa nne."

Simu ikakatika.

Bertila Shilinde, mpelelezi wa idara ya misitu, hakuuliza mara mbili. Alifunika bastola yake ya Browning kwa kanga ndani ya kikapu, akamwacha mwanawe kwa jirani pale mtaani Cheyo, akawasha Land Rover. Tabora ilibaki nyuma, vumbi likitimka.

Vumbi, katikati ya masika!

Mzinga maana yake msitu. Kutoboka maana yake wezi.

Miaka mitatu mvua ilikuwa ya kubahatisha. Kisima cha kijijini kwao kilibaki tope, mama yake akiteka maji kwa kata, tone kwa tone. Wanakijiji walilia kwamba ukataji miti unafukuza mvua, mpaka sheria ikatoka: tangu mwezi wa kwanza, marufuku kukata mninga. Lakini jamani, sheria ile ilikuwa na tundu. Magogo yaliyokatwa kabla yake, yaliyogongwa muhuri kwa nyundo ya serikali, ruksa kusafirishwa.

Tundu la kupita treni nzima.

Saa tatu na nusu. Stesheni ya Kaliua.

Magogo arobaini juu ya mabehewa. Injini inahema. Kando yake, Krantz, mnunuzi mgeni mwenye miwani ya Ray-Ban, na Kasimiri, bwana miti wa pale, nyundo ya muhuri mkononi.

"Shikamoo, mzee," Bertila, kikapu mkononi, alimwamkia Mabruki, mkuu wa stesheni.

"Marahaba, mwanangu. Kama umekuja kuzuia treni, karatasi ziko sawa. Yamekatwa mwezi wa nane, kiangazi. Muhuri huo hapo."

"Nyundo haijui kalenda, mzee."

Kasimiri akacheka. "Dada, sheria imeandikwa. Hujui kusoma?"

Bertila aliingia ofisini, akazungusha mpini wa simu. Mkuu wake akaitika kutoka Dar es Salaam.

"Nyuki hapa. Naomba amri ya kuzuia."

"Ushahidi?"

"Karatasi ni za uongo."

"Nimesema ushahidi."

"Bado."

"Basi iondoke. Sheria ni sheria."

Alitamani kuing'ata ile simu. Mvunja sheria anapanda treni. Mlinzi wa sheria anaambiwa asubiri!

Zimebaki dakika kumi treni iondoke.

Akatoka, akaegemea behewa kwa hasira. Kiganja kikagusa gogo lililomenywa gome.

Laini. Laini mno.

Marehemu baba yake alikuwa fundi wa mizinga ya nyuki, ile ya magome. Gome la mzinga huvuliwa masika, mti ukiwa umejaa maji. Hapo huvulika zima kama shati. Kiangazi hung'ang'ania, na gogo likishakauka ndiyo kabisa. Inabidi ulichonge kwa tezo, na tezo huacha makovu.

"Mzee Mabruki, wewe una mizinga porini. Hebu shika hapa. Kovu la tezo liko wapi?"

Mzee akapapasa. Gogo la pili. La tatu. Uso ukambadilika.

"Hakuna. Na bado yana ubichi. Haya ni ya masika hii hii."

"Kasimiri, mwezi wa nane mvua ilinyesha wapi?"

"Tuliyamenya juzi tu, yapendeze..." Kasimiri akauma ulimi. Mtu wa ofisini. Hakuwahi kuvua gome maishani mwake.

"Yalimenyeka vizuri?"

"Kama ndizi," akajibu kibarua mmoja kutoka nyuma. Watu wakaangua kicheko.

Krantz hakucheka. Alirukia kwenye injini, mkono ukizama ndani ya koti.

"Endesha!"

Browning ya Bertila ilishatoka kikapuni, chini ya kanga.

"Mikono juu. Taratibu."

Mabruki akainua bendera nyekundu. Injini ikatulia. Askari wa stesheni wakaja mbio, wakawatia pingu Krantz na Kasimiri, nyundo ikaanguka relini.

Bertila akarudi ofisini, akazungusha tena mpini wa simu.

"Nyuki. Treni imesimama. Ushahidi upo, na wezi wapo."

"Safi sana! Tumeokoa msitu!"

"Mmeokoa magogo, mkuu. Visiki arobaini viko porini. Lile tundu la sheria mtaliziba lini?"

"Hilo lina taratibu zake. Litapelekwa kwenye kikao, kisha kamati..."

Bertila aliulaza mkono wa simu mezani, bila kuikata. Akatia kikapu begani, akatoka juani akitembea taratibu kuelekea kwenye Land Rover.

Nyuma yake simu iliendelea kuisifu sheria, peke yake.