Kisu cha Mashine ya Kufyekea

Msimamizi wa shamba alilala kifudifudi kwenye nyasi zilizofyekwa nusu, kisogo kimepasuka. Karibu na kichwa chake kulikuwa na kisu cha mashine ya kufyekea, pande la chuma lenye urefu wa mkono wa mtu mzima. Mashine yenyewe ilikuwa pale pale, imefungwa nyuma ya trekta iliyozimwa. Chini ya bati lake kilining'inia kisu kimoja tu badala ya viwili.

"Kesi hii imejifunga yenyewe, afande," alisema Koplo. "Kisu kimechomoka mashine ikifanya kazi, kikamkuta marehemu. Uzembe wa dereva. Tayari tumemtia pingu."

Inspekta aliizunguka mashine. Alikuwa mwanamke mnene, miwani ikining'inia shingoni, na alikuwa na tabia moja iliyowakera wadogo zake kazini: hakuamini kitu chochote kilichojifunga chenyewe. Kabla ya kuhamia upelelezi alikuwa mkaguzi wa magari yaliyopata ajali, na alipenda kusema kwamba chuma hakijui kudanganya. Alipiga magoti, akaingiza kichwa chini ya bati.

"Nani ameikagua hii?"

"Afande, hiyo ni mashine tu."

"Na wewe ni koplo tu, lakini kila asubuhi nakukagua."

Alipapasa kwenye nyasi chini ya mashine na kuibuka na boliti nene, nzito kama yai la bata. Aliigeuza juani. Meno yake yote yalikuwa mazima. Aliitia kwenye mfuko wa ushahidi na kusimama akijishika kiuno, uso wake umechangamka kwa namna ambayo Koplo hakuipenda hata kidogo.

Mtu wa kwanza kuufikia mwili baada ya dereva alikuwa karani wa shamba, kijana nadhifu aliyevaa shati lililopigwa pasi. Marehemu alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake wa pekee. Karani alijibu kila swali kwa upole, macho yamemvimba.

"Ulikuwa wapi?"

"Ofisini. Nikasikia dereva anapiga kelele, nikakimbia."

"Mashine hii unaijua?"

"Mimi na mashine, afande? Hata baiskeli yangu nampelekea fundi aijaze upepo. Sijawahi kuigusa."

"Pole kwa msiba."

"Tumeshapoa, afande. Ni kazi ya Mungu."

Kituoni, mke wa dereva alikuwa amekaa kwenye ngazi na hakuwa na nia ya kuondoka. Alipomwona Inspekta alisimama.

"Mume wangu ana makosa mengi, na hayo nitamweleza mwenyewe akitoka," alisema. "Lakini ile mashine anaitunza kuliko anavyonitunza mimi. Haiwezi kumtoka kisu."

"Kesho anafikishwa mahakamani, mama," alisema Koplo. "Kuua bila kukusudia."

Mwanamke yule alikaa tena kwenye ngazi. Inspekta alimwonea huruma, na kila huruma ilipomwingia alizidi kuwa mkali. Aliingia chumba cha mahojiano alimowekwa dereva, bila kubisha.

"Mashine ulizima wewe?"

"Mimi, afande."

"Kwa nini? Shamba lilikuwa halijaisha."

"Nilikwenda nyumbani kunywa chai."

"Visu ulivikagua?"

"Kila asubuhi navikagua. Navishika kwa mkono, navitikisa. Vyote viwili vilikuwa vimekaza."

"Uliporudi?"

"Nilimkuta amelala vile. Afande, mimi ni dereva tangu ujana wangu. Sijawahi kumgonga hata kuku."

Jioni ile ripoti mbili zilifika mezani. Daktari aliyempasua marehemu aliandika kwamba jeraha lilitokana na kitu kizito, butu, chenye kichwa cha mviringo. Kisu kingekata, na hapo mfupa ulikuwa umebonyea. Maabara nao walisema kisu hakikuwa na alama hata moja ya kidole, wala za dereva aliyekishika asubuhi.

"Ajali gani hiyo inayojifuta kwa kitambaa?" Inspekta alimuuliza Koplo.



Kulipopambazuka mashine ilikuwa karakana ya shamba, bado imefungwa nyuma ya trekta, imeinuliwa juu ya magogo. Fundi wa karakana aliitwa Redio, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona inapozimwa.

"Giaboksi nzima," alisema Redio akiwa ameingia nusu chini ya bati. "Sili haivuji mafuta. Shafti imenyooka. Bati la kinga halina hata mkwaruzo. Hii mashine inaweza kuolewa leo."

"Kisu kikichomoka ikiwa kwenye kasi, kitatokea nini?"

"Kwanza kitapiga bati, kitoboe. Pili, kile kilichobaki kitavuta upande mmoja. Itatetemeka mpaka meno ya dereva yagongane."

"Nionyeshe."

"Afande, nitaiharibu!"

"Na leo utaitengeneza. Serikali itakushukuru."

Inspekta na Koplo walitoka, wakajificha nyuma ya ukuta. Redio aliwasha trekta na kuizungusha mashine ikiwa na kisu kimoja, taratibu tu. Mara ikaanza kuruka juu ya magogo, mabati yakilia, vumbi likitimka. Alipozima, mafuta meusi yalikuwa yanachuruzika kutoka kwenye giaboksi na nati mbili zilikuwa zimelala sakafuni.

"Umeona?" Inspekta alimwambia Koplo. "Hivi ndivyo tungeikuta kama kisu kingeruka. Tuliikuta kavu. Kilifunguliwa ikiwa imezimwa, halafu kikawekwa pale kwa marehemu ili tuseme tulichosema."

"Basi dereva ndiye aliyekifungua. Nani mwingine anajua?"

Inspekta alitoa ile boliti mfukoni.

"Redio, boliti hii inafunguliwaje?"

"Kinyume. Meno yake yamekatwa kinyume ili mzunguko usiilegeze. Unapodhani unafungua, hapo ndipo unapokaza. Mimi na dereva tu ndio tunaijua dawa yake."

"Tazama kichwa chake, Koplo. Pembe zimelika vibaya upande wa kukaza. Mtu amehangaika, amening'inia kwenye spana, hajui. Halafu, akiwa amekata tamaa, akajaribu upande wa pili ikakubali. Dereva asingehangaika."

Koplo aliipokea boliti, akazipapasa pembe zake. Alikuwa kijana mkaidi, lakini si mjinga, na aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Redio alianza matengenezo. Alibadilisha sili, akakaza zile nati, akaleta visu viwili vipya, maana visu hubadilishwa pamoja ili vilingane uzito. Kilichobaki ni kukitoa kile cha zamani.

"Hicho usikiguse," alisema Inspekta. "Koplo, niitie mlinzi wa shamba na karani. Waambie nataka wanisaidie taarifa za mazishi."

Walipofika, aliwakalisha kwenye benchi karibu na mashine, akaanza kuuliza mambo ya kawaida: ndugu wanatoka wapi, mwili utachukuliwa na nani, kibali cha mazishi kiandikwe jina gani. Huku akiongea alimpa Koplo spana ndefu.

"Nifungulie hicho kisu, fundi ameumia kiganja."

Redio, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alificha mkono na kunyamaza.

Koplo alivuta. Alivuta mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Hakuna kitu.

"Mlinzi, msaidie huyu."

Mlinzi, jitu la mabega mapana, alitema mate viganjani, akavuta upande ule ule. Boliti ilizidi kukaza. "Hii imelaaniwa," alisema akihema.

"Kwa hiyo kibali kiandikwe jina la mjane?" Inspekta alimuuliza karani. "Shika hiyo, mwanangu, ujaribu nawe. Jina lake kamili ni lipi?"

Karani alianza kulitaja jina la dada yake. Aliipokea spana, akaipachika, na akiwa bado anaongea akaisukuma upande wa pili. Boliti ililia mara moja na kulegea.

Mlinzi alicheka. "Kumbe karani ni fundi!"

Hakuna mwingine aliyecheka. Karani aliitazama mikono yake, halafu akamtazama Inspekta.

"Hata baiskeli unampelekea fundi," Inspekta alisema kwa sauti ya chini. "Nani alikufundisha boliti hii?"

Spana ilimponyoka ikaanguka sakafuni.

Kituoni hakuhitaji kubanwa. Alimwaga yote kama mtu anayetua mzigo.

"Spana uliyompigia iko wapi?"

"Kwenye tangi la kunyweshea ng'ombe."

"Kwa nini?"

"Alikuwa anampiga dada yangu, afande. Siku zote. Asubuhi ile nilimwona dada dirishani, uso umeumuka. Nikamfuata shemeji shambani, alikuwa amesimama kando ya trekta anamtafuta dereva. Nikamwambia, shemeji, basi, imetosha. Akacheka. Akaniambia, 'Wewe si ndiye unayemrudisha kila akikimbia? Leo umepata wapi uchungu?' Akanigeuzia mgongo. Sanduku la spana lilikuwa wazi."

"Ni kweli ulikuwa unamrudisha?"

"Ni kweli." Alijifuta uso kwa kiganja. "Nilikuwa namwambia ndoa ni kuvumilia. Nampeleka mwenyewe mpaka mlangoni."

Inspekta alivua miwani. Alimhurumia, na hakujaribu kuificha huruma yake. Lakini kwenye mahabusu kulikuwa na mtu mwingine.

"Kwa dada yako nakuelewa. Na dereva je? Yeye alimpiga nani?"

"Nilidhani mtasema ni ajali tu. Ajali haina mwenyewe."

"Ajali ya trekta ina dereva."

"Alipotiwa pingu nilifungua mdomo, afande. Haki ya Mungu nilifungua. Sauti haikutoka."

Mlango uligongwa. Aliyeingia alikuwa mjane wa marehemu, kanga ameivuta mpaka kwenye shavu lililovimba. Nyuma yake alisimama mke wa dereva, amemshika mkono.

"Nimekuja kumtolea ushahidi dereva," alisema mjane. "Hakwenda kunywa chai. Nilikuwa nahama, afande. Aliacha trekta aje atusaidie kupitisha kitanda changu mlangoni kwake. Wamenipa chumba cha nyuma, yeye na mkewe. Niliwaapisha wasimwambie mtu, nao wamekaa na kiapo mpaka humu ndani. Leo nakivunja mwenyewe."

Ndipo alipoona ni nani aliyekaa upande wa pili wa meza, na karatasi ya maungamo iliyokuwa mbele yake. Hakuhitaji kuelezwa.

Inspekta alimpa Koplo funguo za mahabusu. Koplo alitoka haraka, na mke wa dereva akamfuata mbio, viatu vikimvuka njiani.

Karani alikuwa amesimama, meza ikimzuia.

"Ulikuwa unaondoka," alisema. "Siku ile ile. Dada, mbona hukuniambia?"

Mjane alimtazama kaka yake, machozi yanamtoka bila kuyafuta.

"Ungenirudisha," alisema.